Gunia la Pareto

Tiketi mia sita, bisi mia mbili,
na mimi ndiye niliyeapa sitanunua mahindi
kwa bei ya debe zima.
Lakini walikuwa Abiria wa Zohali, jamani,
wamerudi baada ya miaka ishirini na minane,
bango lao limefunika ghorofa tatu hapa Nakuru.
Nikamwita Chesaro. Nikamwita Obiero,
ambaye goti lake siku hizi halitaki ngazi.
Nikamchukua na binti yangu, wa miaka kumi,
aone tulikotoka.

Nyinyi hamkuwapo.
Alhamisi, saa moja unusu, nyumba za reli,
kwa fundi Makokha, televisheni inayokula betri ya lori.
Kiingilio: mtungi wa maji kwa kila watoto wawili.
Chombo chao cha anga kilikuwa debe la maziwa,
limening'inizwa kwa uzi wa kuvulia,
na uzi tuliuona. Wote tuliuona.
Nyota: kitambaa cheusi kilichotobolewa kwa msumari.
Zohali yenyewe ilikuwa Menengai,
mawe meusi, na mvuke ukitoka ardhini bila kulipwa,
na siku moja, nyuma ya Rubani Kwamboka,
akapita mbuzi.
Obiero akashikilia kwamba yule ni mwenyeji wa Zohali.
Tuligombana hadi Alhamisi iliyofuata.

Na lile Dubwana, lililokuja usiku kugonga mlango wa chombo?
Gunia la pareto na tochi mbili.
Nililala kwa shangazi mwezi mzima,
maana mama alikuwa na gunia kama lile jikoni.

Sasa basi, taa zikazimwa.
Chombo kinang'aa kama sufuria za bibi harusi.
Zohali ina pete zake zote.
Dubwana lina meno safu tatu,
na mate, kila tone na kivuli chake.
Halikunitisha.
Nilionyeshwa kila kitu, nikakosa kazi.

Kwamboka wa zamani alikuwa akinyamaza.
Akiulizwa, "Hewa imebaki ya siku ngapi?"
hufunga upya kitambaa chake cha kichwa, polepole,
nasi watoto kumi na tisa tunabana pumzi
ili tusimmalizie.
Huyu mpya ana mizaha na bunduki.
Akiulizwa, anapiga risasi.

Hayo ningesamehe. Kilichonishinda ni mlango.

Kipindi cha mwisho kabisa: Kwamboka ameshika komeo,
nje kunagongwa, anageuka kututazama, anasema,
"Nikifungua..."
na betri ya Makokha ikafa.
Kitone cheupe katikati ya kioo
kikafifia, kikafifia, kikaisha.
Makokha alikimbia kuazima betri kwa dereva wa trekta.
Aliporudi ulikuwa utabiri wa hali ya hewa.

Tangu siku hiyo ule mlango tumeufungua wenyewe.
Chesaro anasema Dubwana lilikuja kuomba maji.
Mimi hubadilisha kila mwaka.
Obiero alikuwa akisema nje ni upepo tu,
mpaka ile Januari walipogonga kwao, Kaptembwo;
tangu hapo akiulizwa, husema: asifungue.

Filamu iliufungua dakika ya kumi na mbili.
Dubwana likaingia, likauawa.
Basi. Muziki.

Tukatoka. Obiero akamdai muuza bisi pesa zake,
binti wa watu, hata hakujua kosa lake.
Chesaro hakusema neno.
Wangu aliruka na kupiga makofi muda wote,
na sikuwa na haki ya kumnyang'anya hayo.
Nikamuuliza tu: lilikutisha?

"Kidogo," akasema. Akalamba chumvi vidoleni.
"Lakini mama, lina meno yote yale.
Lilikuwa linabisha hodi kwa nini?"

Hakuna aliyemjibu.
Obiero akasimama katikati ya ngazi,
amelishika goti, anatutazama mmoja mmoja.
"Huyu," akasema, "mwambieni habari za mbuzi."